Anan au Pack Creek? Kwa anayekwenda Alaska na chombo cha tanga kutazama dubu wakivua

Waswahili wa huku Seattle wakisikia kwamba kila mwaka napanda kaskazini na rafiki yangu kwenye mashua yake ya tanga, huniuliza maswali mawili. La kwanza: huogopi baridi? La pili huja kwa wale waliokwisha kupata mtu mwenye chombo na wiki tatu za likizo: twende mto gani tukawaone dubu wakivua salmoni? La kwanza jibu lake ni fupi, naogopa. La pili nimechoka kulijibu kwa simu, maana kila anayeuliza ana siku zake na mfuko wake, na mito yenyewe haifanani hata kidogo.

Naiweka miwili mezani. Anan, karibu na mji wa Wrangell, na Pack Creek, kwenye kisiwa cha Admiralty karibu na Juneau. Miwili hiyo imo ndani ya Tongass, msitu wa taifa mkubwa kuliko yote Marekani, hekta karibu milioni 6.8 za visiwa, milima na miti inayochuruzika maji mwaka mzima. Unaifikia kwa ile njia ya ndani, inayopita baina ya visiwa na bara, bila kulazimika kutoka bahari kuu. Na kote kunatakiwa kibali. Kufanana kwenyewe kunaishia hapo.

Mwulize samaki kwanza

Anayetaka kuchagua vizuri asianze na dubu. Dubu anamfuata samaki, na samaki anafuata maji. Mito hii inamtegemea zaidi salmoni wa waridi, mdogo kuliko salmoni wenzake wote wa Alaska, kilo 2 hivi. Anazaliwa mtoni, anateremka baharini, na mwaka wa pili anarudi kwenye mto uleule, anataga, anakufa. Habaki hata mmoja. Dume akikaribia wakati wake anaota nundu mgongoni, taya linapinda kama ndoana, na ukimwona huamini kwamba ndiye yule wa kwenye kopo.

Kwa kuwa umri wake ni miaka miwili kamili, samaki wa mwaka wa shufwa na wale wa mwaka wa witiri hawaonani kamwe. Ni koo mbili zinazopokezana nyumba moja. Ukoo mmoja unaweza kuwa na watu wengi na mwingine ukawa na wachache, kwa hiyo mto unaosifiwa mwaka huu unaweza kukutia aibu mwakani. Watu hupiga simu Wrangell au Juneau wakauliza, "Mwaka jana samaki walikuwaje?" Swali hilo halikusaidii sana. Uliza mwaka juzi walikuwaje, maana watoto wa mwaka juzi ndio utakaowakuta.

Jambo la pili ni mvua. Jua likiwaka siku nyingi mto hupungua, na samaki hujazana mlangoni wakisubiri. Ikinyesha usiku mmoja wa nguvu, wanapanda kwa mpigo. Ukifika siku kavu ukaambiwa mto umelala, usikasirike ukang'oa nanga. Huko mvua haichelewi: Ketchikan, mji ulio kusini mwa njia hii upande wa Alaska, hupata zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, kama mara tatu ya Dar es Salaam.

Jambo la tatu ndilo linaloitenganisha mito hii, nalo ni sura ya mto wenyewe. Anan unabanwa na mawe na kuanguka. Samaki wanaofika hapo wanakwama, wanarundikana chini ya maporomoko wakijaribu kuruka. Dubu wa Anan basi ni mvuvi wa kuvizia. Anakaa, ananyamaza, anachopoa. Pack Creek unamwaga maji yake kwenye upwa mpana wa kokoto na matope, maji ya kifundo cha mguu, na samaki ana nafasi ya kukimbia huku na huku. Dubu wa hapo ni mvuvi wa mbio. Pack Creek pia hupanda salmoni mbwa, ndivyo wavuvi wa huko wanavyomwita, mara mbili au hata tatu ya uzito wa yule wa waridi, na dubu akimkosa huyo utaiona hasira yake.

Anan: mkono na mdomo

Kutoka Wrangell ni kama kilomita 50 kuelekea kusini-mashariki. Asubuhi ukiondoka na mkondo mzuri, mchana umefika. Unateremka ufukweni kwa kihori, mhifadhi wa Idara ya Misitu anakukuta pale pale na kukupa masharti. Msikimbie. Msitawanyike. Chakula kisivuke hapa, hata biskuti ya mtoto mfukoni. Maji matupu ndiyo yanayoruhusiwa. Kisha mnashika njia ya msituni, mita 800 hivi, mkiongea kwa sauti na kupiga makofi kila kona ili mwenye nyumba ajue kuna wageni.

Sisi tuliokulia karibu na Tsavo au Serengeti mnyama mkali tumemzoea kwa dirisha la gari. Pale uko kwa miguu, njia unayopita ni njia yake pia, na kinyesi chake kiko mbele yako, bado kinafuka moshi, kimejaa mbegu za matunda ya msituni. Shemeji yangu, mtu anayejisifu kwamba aliwahi kufukuzwa na kiboko Rufiji, alinyamaza njia nzima.

Mwisho wa njia kuna jukwaa lililojengwa juu ya maporomoko. Maporomoko yenyewe si marefu, usitarajie ukuta wa maji. Lakini lile bwawa la chini! Mara ya kwanza nilidhani chini kuna mwani mweusi unaochezewa na maji. Ni samaki, wamebanana pua kwa mkia, wote wameelekea juu.

Kilichonishika pale ni jike mmoja mweusi. Anan ina sifa ambayo Pack Creek haina: dubu weusi na dubu wa kahawia wanatumia mto mmoja. Weusi ni wadogo, na wanajua mahali pao. Wanavulia kwenye mapango na nyufa za mawe kandokando ya maporomoko, wakitoa kichwa na mikono tu. Huyu jike alikaa mdomoni mwa pango, mikono majini, hatazami chochote, kama mama anayesubiri chungu kichemke. Samaki walikuwa wanamgonga vifundoni. Ghafla kichwa kikazama na kutoka, samaki yuko mdomoni anapiga mkia. Akamlaza juu ya jiwe, akamkanyaga kwa mkono mmoja, akanusa tumbo. Dume. Akamwacha, samaki akajipindua na kurudi majini. Wa pili alikuwa jike. Safari hii alimbinya, mayai yakamwagika mwambani mekundu kama shanga, akayalamba moja moja bila haraka. Kisha akang'oa ngozi, akatafuna kichwa, na mlio ule nausikia hadi leo: ni mlio wa mtu anayepasua mua kwa meno. Nyama yote iliyobaki, ambayo sisi tungeiuza kwa bei ya dhahabu, akawaachia shakwe.

Dubu akiwa na samaki wengi kupita kiasi hula mafuta tu: ngozi, mayai na bongo. Anahesabu siku za baridi zijazo. Mizoga inayoburutwa msituni inaoza chini ya miti, na wanasayansi wameikuta naitrojeni ya baharini ndani ya miti ya msitu ule.

Baadaye alitokea dume wa kahawia upande wa pili wa mto. Hakunguruma wala hakukimbia, alikuwa anatembea tu. Weusi watano niliokuwa nawahesabu wakapotea maweni kama walioitwa ndani. Jukwaa zima likanyamaza. Akapita chini yetu, karibu hata nikaona kupe, au kitu kama kupe, nyuma ya sikio lake.

Sasa kasoro zake. Anan ina watu. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, lakini boti za waongozaji huingia kila asubuhi na kumwaga makundi, na saa za katikati ya mchana jukwaa huwa kama kivuko cha Likoni, kila mtu anatafuta upenyo wa kamera. Kuna kibanda cha wapiga picha chini, usawa wa maji, nafasi zake chache sana, ukikipata, kishike. Ukiweza pia fika mapema au baki hadi wale wa boti za mchana waondoke. Kasoro ya pili ni kwamba jukwaa linakupa tendo moja tu, kuvua. Dubu anatoka msituni, anakula, anarudi msituni. Maisha yake mengine huyaoni.

Pack Creek: siku nzima kwenye upwa

Watlingit, wenyeji wa visiwa hivi, wanaiita Admiralty Kootznoowoo, ngome ya dubu. Ukubwa wake ni kama mara mbili na nusu ya Unguja, na wanakadiria dubu wa kahawia wapatao 1,600. Weusi hawapo kabisa. Ukija kwa ajili ya kulinganisha jamii mbili za dubu, umepotea njia.

Hapa uwindaji wa dubu ulipigwa marufuku tangu miaka ya 1930. Kisha kuanzia miaka ya 1950 hadi alipofariki mwaka 1989, mzee mmoja, Stan Price, aliishi mlangoni mwa mto huo na dubu wakipita uani kwake. Silaha yake ilikuwa bakora. Eneo hilo leo lina jina lake. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini dubu wa Pack Creek wanakutazama kama wanavyotazama gogo. Wamelelewa na mama waliolelewa na mama waliojifunza kwamba mtu hana madhara wala hana chakula. Sehemu ya pili ndiyo inayolindwa kwa ukali: siku dubu mmoja atakapoonja mkate kwenye mkoba wa mgeni, kazi ya miaka yote hiyo imeharibika, na huyo dubu huenda akapigwa risasi.

Unakaa kwenye ulimi wa kokoto mlangoni mwa mto, juu ya gogo, na upwa wote uko mbele yako kama ua la nyumba. Hakuna jukwaa hapo. Kuna mnara wa kutazamia ndani zaidi, kama mwendo wa kilomita moja na nusu msituni, na inafaa kwenda angalau mara moja, ila mimi narudi kwenye kokoto. Mwanzo wa Julai utawaona wakila majani ya upwa kama ng'ombe, vichwa chini, saa nzima. Samaki wakiingia, mambo yanabadilika.

Jike mwenye watoto wawili nilimtazama tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa. Alipokimbilia samaki maji yaliruka pande zote, yeye mwenyewe akawa haoni kitu, akasimama akizunguka na kutazama miguuni kama mtu aliyeangusha funguo. Nikaanza kuhesabu. Mara kumi na moja alikimbilia, mara mbili akapata. Watoto ukingoni waligombana, wakasinzia, mmoja akajaribu mwenyewe, akarudi na kipande cha mwani na kukitafuna kwa fahari. Alipopata wa pili, dume kijana akaja kwa mwendo wa pembeni pembeni, ule wa mtu anayekuja kukopa. Jike akatega masikio nyuma, mara moja tu. Kijana akageuka akala majani kama vile ndiyo yaliyomleta.

Hayo huyaoni Anan. Lakini pia kuna siku ambazo huoni chochote. Nimekaa pale chini ya mvua kwa muda wa saa tano nikamwona dubu mmoja, mbali, mgongo tu. Asiye na subira Pack Creek itamkera, hasa akiwa amekuja na watoto.

Utulivu wake una sababu: kuanzia Julai 5 hadi Agosti 25 wanaingia watu 24 tu kwa siku. Nafasi hizo hugombaniwa miezi kabla. Ukichelewa, tazama siku za kando ya tarehe hizo. Mwanzo wa Septemba nimewahi kukuta samaki bado wapo na watu hawapo.

Ubaharia wenyewe

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanasoma umbali wa ndege. Pack Creek iko kilomita 45 hivi kutoka Juneau kwa ndege ya majini, nusu saa. Kwa chombo ni habari nyingine. Rasi ndefu ya Glass imejitandaza katikati, na hori la Seymour linafunguka kusini. Lazima ushuke mlango bahari wa Stephens Passage, uizunguke ncha ya rasi, kisha upande tena kaskazini. Sisi hutumia siku mbili, na usiku mmoja wa kutia nanga njiani. Siyo hasara: pale maji ya Stephens Passage yanapokutana na Frederick Sound, nyangumi wenye nundu hutoka karibu na chombo hata ukasikia harufu ya pumzi yao, ambayo si nzuri.

Nanga sasa. Anan ghuba yake haikunipendeza. Iko wazi, na upepo wa kusini-mashariki ukiamka hutalala. Hatujawahi kuacha chombo bila mtu. Tunapokezana, wawili wanapanda kutazama dubu, mmoja anabaki na nanga. Wenye chombo cha watu wawili walifikirie hilo kabla ya kulipia vibali. Kwa Pack Creek tunatia nanga Windfall Harbor, mahali palipojificha, ukalala kama uko kitandani kwako, kisha unakwenda mtoni kwa kihori chenye mashine.

Kuhusu maji kujaa na kupwa, mtu wa pwani asijidanganye kwamba anajua. Bamvua ya Mombasa au Tanga ni mita 4 hivi. Huko bamvua inafika mita 6 na kuzidi, na kwenye upwa ulio bapa kama wa Pack Creek bahari inaondoka kwa kasi ya mtu anayetembea. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka wa kwanza mimi ndiye niliyefunga kihori. Nilikifunga vizuri kweli, fundo ambalo babu yangu kule Pangani angelikubali. Tulipotoka saa tisa, kihori kilikuwa kimelala juu ya matope, na maji yako mbali kama uwanja wa mpira. Tukakiburuta watu watatu, mabuti ya mpira yakizama hadi gotini, na yule jike na watoto wake wakila majani umbali wa mawe mawili ya kutupa, hawatuangalii hata kwa huruma. Mhifadhi alikuwa akitulinda kwa ukimya wa mtu anayejizuia kucheka. Fundo langu lilikuwa bado limekaza.

Na tanga? Nikiri tu. Njia ya ndani majira ya joto upepo ama haupo ama unatoka kule kule unakokwenda. Siku moja kati ya nne ndiyo tunayotweka tanga kwa raha, nyingine ni mashine, na mara moja moja tunapiga bisho kwenye mlango mwembamba hadi nahodha anachoka na kuwasha mashine bila kumwangalia mtu usoni. Ukitaka kuunganisha mito yote miwili kwa safari moja, utapita Wrangell Narrows karibu na Petersburg, mfereji wa kilomita 35 hivi wenye taa na maboya zaidi ya 60, na huko hupiti ila kwa saa ya mkondo. Tuliwahi kufanya yote kwa siku 16. Zilitosha, hazikuzidi.

Mambo madogo ya watu wetu. Julai jua linazama Juneau karibu saa nne usiku, na kiza chenyewe hakitimii. Isha na Alfajiri karibu zipeane mkono, jipangie mapema. Kibla nako huko ni karibu kaskazini kabisa, kupitia juu ya ncha ya dunia. Tulibishana juu ya hilo kwenye chombo mpaka tukalichora kwenye tufe. Chakula si tatizo, samaki ni halali na wako tele, ila usipike wala kusafishia samaki ufukweni karibu na mito hii, fanya chomboni. Na wanaotokea Kanada wakumbuke kwamba Alaska ni Marekani: viza iwe mkononi, na ukitoka Prince Rupert unaripoti Ketchikan kabla ya kushusha hata mguu mmoja.

Mengine ambayo utaambiwa

Mtu atakwambia, "Kwa nini msiende pale ambapo samaki anamrukia dubu mdomoni?" Hapo ni Brooks Falls, Hifadhi ya Taifa ya Katmai, na ni kweli panastahili sifa. Ndipo yanapotoka mashindano ya kila mwaka, tangu 2014, ya watu kupiga kura mtandaoni kumchagua dubu mnene kuliko wote. Mwaka 2023 na 2024 alishinda jike mmoja anayeitwa Grazer. Lakini Brooks iko bara, kwenye mto unaounganisha maziwa mawili, na kwa mashua ya tanga hufiki. Unakwenda kwa ndege. Pwani ya Katmai yenyewe inafikika kwa chombo, ila kuna mlango bahari wa Shelikof wa kuvuka, na upepo wake hauna utani. Mimi Brooks naitazama kwa kamera zao za mtandaoni, bure, na chai ya tangawizi mkononi.

Wengine wamesikia habari za dubu mweupe wa British Columbia, Kanada. Yupo. Ni dubu mweusi aliyezaliwa na manyoya meupe kwa kurithi kwa baba na mama, na anaonekana zaidi visiwa vya Gribbell na Princess Royal, ndani ya msitu wa hekta milioni 6.4 uitwao Great Bear. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria waligundua kwamba mchana anafanikiwa kuvua kuliko mwenzake mweusi, kwa kuwa samaki akitazama juu weupe unapotelea angani. Ukienda, nenda na waongozaji wa Gitga'at wa Hartley Bay au Kitasoo Xai'xais wa Klemtu, ndio wenye nchi hiyo. Wakati wake ni Septemba, na Septemba ni mwezi ambao pepo za kusini-mashariki zinaanza kugonga mlango. Unaweza kukaa wiki nzima usimwone. Mwenye likizo moja tu kwa mwaka simshauri.

Basi nani aende wapi

Mwenye siku chache, au watoto, au mgeni wa nyumbani aliyelipa nauli kutoka Dar kwa ajili ya jambo hili moja, nampeleka Anan, wiki ya mwisho ya Julai au ya kwanza ya Agosti. Ataona dubu, atamwona anakamata, na atamwona karibu kiasi kwamba hatahitaji darubini. Bora kuwe na watu watatu chomboni au zaidi. Vibali hutolewa mapema mwaka, usingoje hadi Juni ndipo uanze kuuliza.

Pack Creek namwambia yule anayeweza kukaa. Mtu ambaye alipokuwa mdogo alipelekwa mbugani na akataka gari lisimame kwa swala, si kwa simba tu. Awe na siku tano za ziada mfukoni, mbili za kwenda, mbili za kurudi na moja ya mvua. Ikiwa nahodha wako ni mwenye haraka, usimpeleke. Atakutazama wewe badala ya dubu.

Kwa mfuko, kibali ni kitu kidogo kote. Pesa inaliwa na chombo, mafuta na gati. Kwa asiye na rafiki mwenye mashua, Anan ni nafuu, kwa sababu boti ya siku moja kutoka Wrangell inatosha, na Pack Creek kwa kawaida ni ndege.

Ukiniuliza mimi mwenyewe, Anan nimeishapenda na nimeishatosheka. Kibali changu cha mwaka huu ni cha Pack Creek, siku tatu mfululizo za Agosti, katikati ya bamvua. Kamba mpya ya kihori nimenunua, mita 60.